Upepo Huu Unaitwaje?

Mwezi wa Julai mwaka mmoja nilisimama ufukweni Tanga, mkono mmoja umeshika kofia, mwingine umebana karatasi zilizokuwa zinataka kuruka. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mashua iliyopandishwa, anaziba wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikasema, ili pawe na la kusema, kwamba leo upepo ni mkali. Hapo akainua kichwa.

"Mkali? Mwanangu, mkali ni mbwa. Hii ni kusi."

Wakati ule nilikuwa nahariri habari, na kila jioni zilipita mikononi mwangu taarifa ambazo ndani yake upepo ulikuwa na sifa moja tu. Upepo mkali umeezua madarasa, upepo mkali umepindua mtumbwi, upepo mkali umechelewesha boti. Ungedhani Waswahili walikaa karne zote hizo mwambaoni, wakienda Arabuni na kurudi kwa tanga, wakaambulia neno moja la kuuelezea upepo. Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika, unayefundisha, unayetafsiri, au unayetaka tu kumwambia mwenzako kuna nini nje bila kuazima sifa ya mbwa.

Rai yangu ni nyepesi. Kwa Kiswahili, upepo hautajwi kwanza kwa nguvu zake. Hutajwa kwa unakotoka na majira yake, halafu kwa kile unachokitenda. Nguvu huja mwisho, na mara nyingi ukishasema hayo mawili ya mwanzo, msomaji ameshaijua nguvu yenyewe.

Unatoka wapi?

Upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Ukisikia redioni "upepo wa kusini-mashariki", ujue unakuja kutoka huko na unaelekea upande wa pili. Wanafunzi wengi huligeuza jambo hili, kwa sababu barabara tunaitaja kwa inakokwenda: barabara ya Morogoro inatupeleka Morogoro. Upepo ni kama mgeni, tunamtambulisha kwa kwao.

Sasa tazama jambo ambalo wengi tunalitamka kila siku bila kulisikia. Kaskazini ni kaskazi na kiambishi cha mahali, -ni. Kusini ni kusi na -ni hiyohiyo. Maana yake, pande mbili za dunia katika lugha yetu zimepewa majina ya pepo mbili. Mtu wa Lubumbashi au Kigali anayesema "kaskazini mwa mji" anataja, bila kujua, upepo uliokuwa ukileta majahazi Mombasa. Mashariki na magharibi tuliyapata kwa Waarabu, na hayo yanahusu jua, linakochomoza na linakotua. Zamani watu wa mwambao walikuwa pia na kibla kwa upande wa kaskazini, kwa kuwa Makka iko huko, na suheli kwa upande wa kusini, kwa jina la nyota. Lakini pepo ndizo zilizoshinda.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Miezi hiyo bara la Asia lina baridi, hewa yake ni nzito, na huku kwetu jua linachoma. Hewa inasukumwa kuja kusini, ikiwa ya joto na kavu kwa sehemu kubwa. Kusi huingia Aprili, hushika barabara Juni na Julai, na huendelea kwa kulegea hadi Septemba au zaidi. Hiyo hutoka kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, ikivutwa na joto la Asia. Kusi ni baridi kuliko kaskazi, ina nguvu zaidi, na huchafua bahari zaidi.

Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakapanda na kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Nahodha hakuondoka kusi ikiwa imepamba moto. Aliwahi mwanzo wake, Aprili au Mei, au akangoja ilegee mwezi wa Agosti. Aliyekosa vyote viwili alikuwa amejitafutia miezi ya kukaa ugenini, na wako waliokaa hadi wakaoa.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu: *upepo wa kaskazi* na *upepo wa kaskazini* ni vitu viwili. Wa kwanza ni upepo wa msimu, wenye miezi yake na bahari yake. Wa pili ni upepo wowote unaotoka upande huo, siku yoyote, popote. Jioni ya Agosti ukiwa Arusha, hewa ikikujia kutoka kaskazini, sema upepo wa kaskazini, usiseme kaskazi imeingia. Ukisema hivyo mbele ya mtu wa Pemba atakuuliza kama kalenda yako ni nzima.

Vitenzi vya msimu navyo vina mpangilio wake. Kaskazi na kusi *huingia*, *hushika*, kisha *hulegea*. "Kusi imeanza" inaeleweka, lakini "kusi imeingia" ndiyo inayosemwa.

Kati ya pepo mbili

Kati ya kaskazi na kusi kuna wiki ambazo upepo haujui unachotaka. Asubuhi unatoka huku, alasiri kule, usiku haupo. Wakati huo unaitwa *maleleji*, wengine husema *malelezi*, na kuna jina jingine zuri zaidi: *tanga mbili*. Huja mara mbili kwa mwaka, Machi kuelekea Aprili, na tena Oktoba kuelekea Novemba. Neno hili liko hai pwani, nami nalipendekeza kwa waandishi wa siasa, ambao kila uchaguzi hutafuta namna mpya ya kusema hali haijulikani inaelekea wapi.

*Demani* ni mwisho wa kusi, kusi ikiwa imechoka: tuseme kuanzia Agosti mwishoni hadi Novemba. Upepo bado ni wa kusini lakini ni wa kirafiki, bahari imetulia, wavuvi wanafika mbali. *Kipupwe* ni ile baridi ya Juni hadi Agosti, baada ya masika, na watu hulitumia kwa upepo wa baridi wa majira hayo. Siku hizi utamsikia mtu akiita kipupwe kiyoyozi cha ofisini. Sina ugomvi naye.

Kuna pia pepo za siku, zisizongoja msimu. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari na kulipoteza haraka vilevile, hivyo mchana upepo hutoka baharini kuja nchi kavu, na usiku wa manane hugeuka. Mvuvi wa ngalawa hutoka alfajiri akisukumwa na ule wa nchi kavu, na alasiri hurudishwa na ule wa bahari. Hewa ile ya alfajiri itokayo bara, yenye baridi na unyevu, wazee wa baharini waliiita *umande*, neno ambalo wengi wetu tumelibakiza kwenye matone ya majani. Na upepo wa kutoka mashariki, unakochomoza jua, ni *matlai*. Ukikutana na maneno haya katika mashairi ya zamani usikimbilie kuyatafsiri kwa "ubaridi wa asubuhi". Huenda mtunzi alikuwa anakwambia chombo kiko wapi na kinakwenda wapi.

Umekukuta vipi?

Mtu aliye chomboni hana haja kubwa ya kujua kaskazini ni wapi. Anachotaka kujua ni upepo unampata upande gani. Kwa hiyo yapo maneno yanayoupima upepo kwa kiwiliwili cha chombo. *Omo* ni mbele na *tezi* ni nyuma. Mnaijua methali ya mwenda tezi na omo, ambaye marejeo yake ni ngamani. Pepo za omo ni zile zinazokuja usoni, zinazokataza safari. Upepo ukitoka ubavuni ni wa *matanga kati*. Upande unaopigwa na upepo ni wa *joshini*, au *goshini*. Upande wa pili, uliojificha, ni wa *demani*, neno lilelile la majira. Kama hujawahi kusafiri kwa mashua, kumbuka hili moja: ukitapika, au ukimwaga ndoo, mwaga upande wa demani.

Ukitaka kwenda unakotoka upepo, huwezi kwenda moja kwa moja. Unakwenda mshazari kidogo kuume, unageuza tanga, unakwenda mshazari kushoto. Kitendo hicho ni *kubisha*, au *kupiga bishi*. Sasa fikiri juu ya mtoto anayebisha kila unachomwambia. Yeye na nahodha wako katika kazi moja: kupata njia mbele ya nguvu inayowakabili. Na chombo kikiyumba huku na huku kwa mawimbi, kinakwenda *mrama*. Kila anayesema mipango yake imekwenda mrama ameazima neno kutoka chomboni, hata kama maji yake ya mwisho kuyaona ni ya kuoga.

Ukiandika habari ya boti, jaribu kutumia walau neno moja kati ya haya, lakini hakikisha sentensi yenyewe inalieleza. Ukiandika "boti ilikuwa ikibisha dhidi ya kusi, abiria wameloa upande wa joshini", hata msomaji wa Dodoma ataona picha. Ukiyamwaga maneno matano kwa pamoja, utakuwa unajisifu.

Upepo unafanya nini?

Hapa ndipo uandishi unapopona au kufa. Ukichagua kitenzi vizuri, sifa haihitajiki.

Kitenzi cha kwanza ni *kuvuma*, na watu hukitumia kwa kila upepo. Lakini kuvuma kuna sauti ndani yake. Ngoma huvuma, nyuki huvuma, jina la mtu huvuma hadi miji ya mbali, na habari isiyo na mwenyewe ni uvumi. Kwa hiyo upe upepo kuvuma pale sikio linapohusika. Ule usiosikika, unaogusa shavu na kuendelea na safari, unapita tu, au unapepea. *Kupuliza* kunataka tundu: mdomo, filimbi, ufa wa dirisha. Upepo ukipenya chini ya mlango na kukugusa miguu, huo unapuliza.

*Kupepea* ni kazi ya kitu chepesi kilichofungwa upande mmoja: bendera, kanga kwenye kamba, ukuti. Kipepeo kapata jina lake humo. Kitu hicho kikikatika na kwenda zake, *kimepeperuka*, na upepo *umekipeperusha*. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana: kanga inayopepea bado ni yako, iliyopeperuka ni ya jirani. Ajabu ni kwamba wanariadha "huipeperusha bendera ya taifa" na tunafurahi badala ya kuwatuma waifuate. *Kupepesuka* ni kuyumba karibu na kuanguka, kwa mlevi na kwa mpapai. Na *kupepeta* ni kuufanya upepo, au hewa ya ungo, ikutumikie: makapi yaende, punje zibaki. Anayepepeta mpunga uwanjani anajua vipimo vya upepo kuliko mtangazaji yeyote. Ukipungua, makapi yanarudi usoni. Ukizidi, hata mpunga unakwenda nayo.

Kwa madhara, Kiswahili kimejaa vitenzi vinavyosema kilichotokea hasa. Nyumba *huezuliwa*: kuezua ni kinyume cha kuezeka, ndani yake mna makuti au mabati tayari. Mti wenye mizizi juu *umeng'olewa*. Uliobaki kisiki *umevunjika*. Nguzo ya umeme *imeangushwa*. Migomba hulazwa. Mwandishi akikuletea "upepo umeharibu mali", mrudishe akaulize ilikuwa mali gani na ilifanywa nini.

Na upepo ukiisha? Umelala, umetulia, umekoma. "Umelala" ni wa jioni na unatarajiwa kuamka. "Umekoma" unasema kazi imekwisha.

Dhoruba, tufani, kimbunga, chamchela

Maneno haya manne hupangwa na watu kama ngazi, kila moja kubwa kuliko lililotangulia. Kila moja ni kitu tofauti.

*Dhoruba* ni ndugu wa dharuba, pigo. Ni upepo unaopiga, na mvua au bila mvua, baharini au bara. Unaweza kuwa wa nusu saa. *Tufani* ina maji ndani yake. Kwa Kiarabu neno hilo ndilo la gharika ya Nabii Nuhu, na kwa Kiswahili limebaki zaidi baharini: upepo, mvua na mawimbi kwa pamoja, chombo kikiwa katikati. Tufani ya Dodoma haikai vizuri mdomoni.

*Chamchela*, au *kisulisuli*, ni ule upepo mdogo unaojizungusha na kuinua vumbi kama mnara. Utauona kiangazi kwenye uwanja wa shule mchana wa jua, ukivuka na majani makavu na mifuko ya plastiki, kisha unatoweka kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Watoto huambiwa kuna shetani ndani yake. Kinachouinua ni ardhi iliyopata moto kuliko hewa iliyo juu yake.

*Kimbunga* nacho ni mfumo mzima, wenye upana wa mamia ya kilomita, unaoishi siku kadhaa, unaozaliwa juu ya bahari yenye joto na kupewa jina. Huku kusini mwa ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Hakipendi kukaribia ikweta, kwa kuwa pale mzunguko wa dunia haukipi msukumo wa kujizungusha, na ndiyo maana Mtwara na Lindi wana habari za vimbunga kuliko Mombasa. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi mfumo hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ukifika 118.

Vilivyogusa pwani yetu si vingi, kwa hiyo kila kimoja hukumbukwa. Mnamo tarehe 15 Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa shamba kuu la karafuu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, Mtwara ikiwa tayari imetahadharishwa. Jobo kilikuja Aprili 2021 kikanyong'onyea kabla ya kufika. Hidaya kiliingia upande wa Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Hidaya, kwa Kiswahili, ni zawadi.

Tazama miezi hiyo: Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Ni kaskazi imekwisha na kusi haijashika sawasawa. Wazee waliokuwa hawaiamini tanga mbili hawakuwa wanajitungia hofu.

Kwa hiyo shule ya Kahama ikiezuliwa saa kumi jioni na mvua ya nusu saa, usiandike kimbunga. Ni dhoruba, na dhoruba inatosha kuvunja shule.

Namba na minazi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa lugha iliyokwishatulia, na inafaa uijue. *Angalizo* ni la rangi ya njano, *tahadhari* ni ya chungwa, *tahadhari kubwa* ni nyekundu. Haya ni madaraja. Mwandishi anayeandika "tahadhari" mahali palipotolewa angalizo amepandisha hatari kwa kalamu. Utakalolikuta mara nyingi wakati wa kusi ni angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mabaharia husema kwa noti, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo 40 hizo ni kama noti 22.

Lakini 40 ni upepo wa namna gani? Mwaka 1805 ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, Francis Beaufort, alitunga kipimo cha ngazi kuanzia 0 hadi 12 kwa kutazama upepo unavyofanya kazi. Mimi nimekitafsiri kwa vitu vya uani kwetu, na nawapa bure.

Moshi wa jiko ukipanda wima kama uzi, hakuna upepo, ni shwari. Ukilala upande kidogo, ni kilomita 1 hadi 5. Ukiusikia usoni na majani ya mwembe yakinong'ona, uko kwenye 6 hadi 11, na huo ndio *upepo mwanana* wa watu wa taarabu. Kanga ikinyooka kwenye kamba, 12 hadi 19. Vumbi na karatasi zikianza safari, 20 hadi 28. Miti midogo ikiyumba yote, shina na matawi, 29 hadi 38. Ile 40 ya angalizo iko kwenye ngazi inayofuata: matawi makubwa yanatikisika, mwavuli ni taabu, na minazi yote ya ufukweni imechana nywele upande mmoja. Ukitembea unaegemea mbele, umevuka 50. Vijitawi vikikatika na kuanguka barabarani, umevuka 62. Miti ikianza kung'olewa, karibu na 90, acha kupima uingie ndani.

Nchi kavu kipimo hicho hufanya kazi vilevile, ila badili minazi. Makambako na Singida ni mabingwa wa upepo Tanzania. Huko Kenya, karibu na Ziwa Turkana, upepo hupita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Afrika Mashariki kama maji kwenye mfereji, na ndipo ilipojengwa mitambo 365 ya kuzalisha megawati 310. Kuna wanaoiita vinu vya upepo. Haisagi kitu, lakini neno lina utamu wake, na *mtambo wa upepo* hauna kosa.

Ukitaka kusema tu kwamba mahali fulani ni pa upepo, Kiswahili hakina sifa ya neno moja, na usiitafute. Kina viambishi vitatu ambavyo lugha nyingi zingevitamani. Kilimani *pana* upepo: hapo hasa. Pwani *kuna* upepo: huko kwa jumla. Chumbani *mna* upepo: ndani, na pengine dirisha halifungi.

Neno lenyewe

Upepo ni wa ngeli ya U: upepo huu unavuma, upepo mwingi, upepo wote. "Upepo nyingi" ni kosa hata likisemwa na waziri. Wingi wake ni pepo: pepo hizi zinavuma. Hapo kuna mtego, kwa sababu pepo yupo pia yule anayepanda mtu kichwani, na Pepo ipo ile tunayowaombea marehemu. Upatanisho wa kisarufi ndio unaokuokoa. "Pepo zimemchelewesha" ni habari ya nahodha. "Pepo wamemchelewesha" ni habari ya mganga. Na mtu anayekwenda *kupunga upepo* Forodhani na yule anayekwenda *kupunga pepo* wanaachana njiani, ingawa kitenzi ni kimoja.

Tofautisha pia upepo na hewa. Hewa iko hata ikiwa imetulia. Upepo ni hewa iliyo safarini. Lakini hapa lugha ya mtaani imeamua vyake. Tairi linajazwa upepo, mpira hauna upepo, na upepo huo hauendi popote mpaka tairi lipate pancha. Mwalimu mmoja wa fizikia aliwahi kulilalamikia jambo hili mbele yangu kwa dakika kumi. Fundi wa baiskeli alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Mwalimu, niujaze au nisiujaze?"

Limebaki *shwari*. Ni bahari isiyo na upepo wala wimbi, na kutoka huko likapanda nchi kavu likawa jibu la salamu: vipi, shwari. Tunalisema kwa maana kwamba mambo ni mazuri. Yule mzee wa Tanga, siku nilipomrudia mwezi wa Novemba, nilimkuta palepale, bahari imelala kama kioo, na nilipomuuliza hali akanijibu, "Shwari, mwanangu." Kisha akaashiria kwa kidevu mashua iliyokuwa mbali, tanga limening'inia kama nguo iliyoanikwa, na watu wanne ndani yake wakivuta makasia.